Zamu ya Ishirini na Nne

Miaka mitatu nimefundishwa kuchora mistari miwili,
mmoja unashuka, mmoja unapanda,
na pale inapokatana kutia nukta, kuandika: bei.
Nimefundishwa kutanguliza, kabla ya kila jibu,
"mengine yote yakibaki yalivyo,"
kama mtu anavyotanguliza bismillahi kabla ya tonge.

Nimerudi Langoni, likizo ya mwezi wa nne.
Shangazi yangu Bi Somoe amekaa dakani
akifunga barafu za ukwaju katika vifuko,
shilingi kumi kumi.
Bei hiyo naijua tangu niko darasa la sita.
"Sukari imepanda, shangazi."
"Imepanda. Na mifuko ya wana wa madrasa?"
Nikanyamaza. Jibu hilo lina jina
na lilinipotezea alama nne mwaka wa kwanza.

Usiku akanipa daftari la kibati.
"Nisomea, mato yangu yamechoka."
Wanawake ishirini na wanne, elfu mbili kila mwezi,
mmoja huondoka na arubaini na nane.
Zeituni mshona kofia. Mwanahawa wa Mkomani.
Mama Lali, aliyepokea zamu ya tatu, akanunua punda,
punda akafa kwa tumbo wiki ya pili,
naye akamlipia marehemu
miezi ishirini na mmoja, hakuruka hata mmoja.

Riba hakuna. Dhamana hakuna. Sahihi hakuna.
Mhadhiri wangu angegonga ubao:
ni nini kinachomzuia wa kwanza asitoroke?
(Mamake. Harusi ijayo. Upana wa kichochoro.)

Kisha nikaona mkiani mwa orodha,
mizunguko mitatu, miaka sita:
Somoe.
Somoe.
Somoe.

Sikulala. Nilifungua kikokotoo cha simu
nikaweka mfumuko wa bei, asilimia nane kwa mwaka,
nikailinganisha zamu ya mwisho na ya kwanza,
nikajumlisha, nikahakiki mara mbili:
elfu ishirini na tatu, mia tisa sitini na moja.
Friza. Imetumika kidogo, lakini friza.
Friza zima limeyeyuka humu daftarini
na hakuna aliyesikia hata tone.

Asubuhi nikamweleza, na mchoro juu.
Hakuinua kichwa.
"Hesabu yako siijui. Kupungukiwa nilijua."
"Sasa mbona?"
Akalamba kidole, akafungua kifuko kingine.
"Pesa nikipewa mapema nitaila. Nafsi yangu naijua,
nimekaa nayo miaka hamsini na sita.
Ikiwa kwa watu ishirini na watatu, siifikii.
Hiyo friza yako ni ujira wao,
wananilinda mimi nisijiibie mimi."

Mtu wa vitabuni hajiogopi.
Ana matakwa yaliyopangwa kama vikombe kabatini,
anajua kesho atataka nini,
hata jirani hana.
Kuna somo moja linalomtilia shaka mtu huyo,
la hiari, mwaka wa nne, Ijumaa saa mbili asubuhi.
Niliwekea mkasi jina lake
kwa sababu ya saa.

Nilipokuwa nikirudisha daftari
nikaona kando ya Somoe wa pili,
kwa mwandiko wake, wino wa buluu: ada.
Sikuuliza ya nani.

Adhuhuri umeme ukakatika.
Tukangoja. Haukurudi.
Vifuko vikaanza kulegea, jasho likavitoka,
naye ameshikilia kumi zake.
"Shangazi, uza kwa tano. Sasa hivi, madrasa hayajafumuka.
Ukwaju umeshaununua, pesa hiyo imekwenda.
Saa moja tena utakuwa unauza maji."
Akanitazama, kwa mara ya kwanza, kama mtu aliyesoma.
"Hiyo wamekufunza mwaka wa ngapi?"
"Wa kwanza. Wiki ya tano."
Akanisukumia ndoo kwa mguu.
"Basi hiyo umeijua. Nenda."